Ngumi ya Tisa

Muhula wa pili, shule moja ya kutwa mjini Kitale iliamua kukomesha vita. Naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Kipsang, alimleta mtaalamu kutoka Nairobi, mwanamume mwenye miwani myembamba na projekta nene, aje awafundishe wanafunzi kwamba filamu za mapigano zinaharibu akili za vijana. Ili somo lieleweke, mtaalamu aliwaonyesha filamu za mapigano. Kwa dakika arubaini ukumbi wa kulia chakula ulijaa mateke, visu, shingo zilizovunjwa na magari yaliyolipuka, kila kipande kimechaguliwa na mtu aliyejua kuchagua. Hata kibanda cha sinema cha kule sokoni, chenye mabenchi ya mbao na kunguni wa kudumu, hakijawahi kuonyesha vitu vizuri namna hiyo.

Kipande cha mwisho kilipokwisha, wanafunzi mia nne walipiga makofi. Mmoja akauliza kama kuna sehemu ya pili. Bwana Kipsang alimwendea pale pale alipokaa akamzaba kofi, kwa sababu shule haivumilii ujeuri.

Aliyefaidi somo lile kuliko wote ni Emmy wa Kidato cha Tatu. Emmy alikuwa na simu, jambo lililokatazwa, na aliificha ndani ya pakiti ya sodo, mahali ambapo hakuna mwalimu mwanamume angethubutu kupekua. Kwa simu hiyo aliendesha kikundi cha WhatsApp kilichoitwa Ulingo. Kila Ijumaa, baada ya masomo, wanafunzi wawili walipigana nyuma ya kinu kibovu cha kusaga unga, Emmy akawapiga video huku akitangaza kwa sauti ile ya watafsiri wa sinema wa vibandani. Kufikia jioni, nusu ya Kitale ilikuwa imeona. Wapiganaji hawakuwa na ugomvi wowote. Ugomvi waliletewa, kama chakula cha hoteli.

Jumatatu baada ya mtaalamu kurudi Nairobi, Emmy aliweka kura kwenye Ulingo: "Nani mwanaume kamili, Mukhisa ama Kizito?"

Mukhisa alipata kura sitini na moja. Kizito alipata sitini na moja. Ni wazi kwamba taifa haliwezi kuendelea katika hali ya wasiwasi kama hiyo.

"Ijumaa," Emmy aliwaambia mapumziko ya saa nne, akila kachiri. "Mkikataa mnajua. Ni reli."

Walijua. Anayekataa kupigana hupitishwa reli: darasa linajipanga mistari miwili, naye anapita katikati akipokea kofi la kila mtu, na yote hayo yanapigwa video pia. Kwa ufupi, ukikataa kupigwa na mmoja unapigwa na hamsini. Huo ndio uhuru wa kuchagua.

"Lakini Emmy," Mukhisa alisema, "huyu ni bakoki wangu."

"Bakoki ni nini, ni ugonjwa?" Emmy alicheka. "Watu wamepiga kura bana."

Kwa asiyejua, kama Emmy alivyojifanya hajui: Agosti ya mwaka wa 2022, Mukhisa na Kizito, wakiwa na miaka kumi na mitatu, walisimama uani kwa kina Kizito huko Kamukuywa, Bungoma, alfajiri moja, wamepakwa matope ya mto mmoja, wakatahiriwa bila kupepesa jicho mbele ya ukoo mzima. Ukoo mzima ulikuwa umekuja kutazama kama mtoto atalia akiona damu, lakini hiyo si filamu, ni utamaduni, kwa hivyo haiharibu akili. Tangu asubuhi hiyo wakawa bakoki. Bakoki hawanyimani chakula. Hawaoi binti za wenzao. Wanaruhusiwa kutukanana mpaka jua lizame, na wanatukanana kweli. Kitu kimoja tu hawafanyi: bakoki hamwinulii bakoki mkono. Aliyemtoa mwenzake damu ameharibu yote yaliyofanyika alfajiri ile, na lazima kondoo achinjwe mbele ya wazee kabla ya hao wawili kula tena sahani moja.

Na Mukhisa na Kizito walikuwa wakila sahani moja kila siku. Mukhisa aliishi Kitale na mama yake, Nelima, aliyeuza mitumba. Kizito aliishi Kiminini kwa shangazi yake, ambaye wao humwita senge. Dawati moja, kontena moja la githeri, kijiko kimoja cha kupokezana. Kidato cha Kwanza, Mukhisa alipokuwa mfupi wa kuingia ndani ya ndoo na kila mtu alitaka kuhakikisha kwa kumtia ndani, ni Kizito aliyekaa juu ya ndoo akakataa kushuka. Mukhisa hakuwa na rafiki mwingine. Hakuwa ametafuta.

"Mimi siwezi kukupiga," Mukhisa alimwambia walipokuwa wakitembea kuelekea stejini.

"Hata ungeweza, utanipiga na nini? Hiyo mikono ni ya kukanda mandazi."

"Sicheki, Kizito. Tupitie reli tu."

"Wewe pitia. Mimi nina meno mazuri nataka kuzeeka nayo." Kizito alisimama ghafla. "Hebu ngoja. Kwani wale wa sinema hupigana?"

"Si tunawaona?"

"Yule staringi amekufa mara ngapi? Na filamu ifuatayo anakuja amevaa suti mpya. Bakoki, wale watu hawagusani! Ni hesabu tu."

Hivyo ndivyo vijana wawili, walioharibiwa akili na filamu, walivyokaa jioni tatu mfululizo katika ghala la mahindi la senge huko Kiminini wakitazama mapigano kwenye simu yake, wakisimamisha picha kila nusu sekunde na kuandika nyuma ya daftari la Kemia. Waligundua kwamba ngumi hupita kando ya shavu huku kamera iko upande wa pili. Sauti hutoka kwa anayepigwa, anayejipiga kifuani kwa kiganja. Kichwa kinageuka kabla ngumi haijafika. Walipanga ngumi kumi na mbili. Hawakuwahi kusoma Kemia kwa bidii hiyo.

"Ya kwanza mpaka ya nne ni za kwako," Kizito alisoma. "Ya tano, sita, saba ni zangu. Ya nane yako, tumbo. Halafu mimi nageukia kamera, natabasamu kama mjinga. Ya tisa, unanipiga bega. Bega, umesikia? Mimi nayumba. Kumi, kumi na moja, kumi na mbili, naanguka."

"Kwa nini ni wewe unaanguka?"

"Kwa sababu mimi najua kuanguka. Wewe utaanguka kama gunia."

Damu waliitoa kwenye matunda damu, yale mekundu yenye mbegu nyeusi ambayo senge alikuwa amepanda kando ya choo. Kizito angeficha nyama ya tunda moja shavuni. Walijaribu mara tisa mpaka senge akaingia, akamkuta mtoto wa kaka yake amelala juu ya magunia na wekundu umemtiririka kidevuni. Alipiga nduru iliyosikika hadi barabara kuu. Walipomwonyesha tunda aliwafukuza na ufagio, halafu akarudi kuuliza kama wanaweza kurudia pale pa kuanguka.

Ijumaa ikafika. Nyuma ya kinu kulikuwa na watu wengi kuliko kanisani. Watoto wa Kidato cha Kwanza walipanda juu ya bati. Emmy alisimama mahali Kizito alipomwomba asimame, "ili jua lisikuharibie picha", naye akashukuru kwa ushauri wa kitaalamu.

"Mabibi na mabwana!" alitangaza kwa sauti nzito isiyokuwa yake. "Leo ni leo! Mukhisa mwana wa Nelima, anakutana na Kizito, simba wa Kamukuywa!"

Ngumi ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili ilikuwa nzuri zaidi. Kizito alijipiga kifua kikalia kama mlango. Watu walipiga kelele. Ya tano, Mukhisa aligeuza kichwa kwa wakati wake, akayumba, akasikia umati ukishusha pumzi kwa pamoja. Hakuna aliyewahi kushusha pumzi kwa ajili yake. Ilikuwa tamu, hakuna haja ya kudanganya.

Ya sita. Ya saba. Sasa umati ulikuwa umechagua.

"Ki-zi-to! Ki-zi-to!"

"Mukhisa ni mama! Rudi ukauze sidiria za mitumba!"

Ya nane, tumbo. Kizito akageukia kamera kama walivyopanga, akatabasamu kama mjinga, na umati ukamlilia jina kama mgombea. "Ki-zi-to! Ki-zi-to!" Mukhisa alilitazama lile tabasamu. Alijua limeandikwa nyuma ya daftari la Kemia, mstari wa tisa. Alijua ni la uongo. Lakini jina lililokuwa likiitwa halikuwa la uongo, na halikuwa lake.

Ngumi ya tisa haikwenda begani.

Ilitua mdomoni kwa sauti ndogo tu, isiyofaa sinema. Kizito alifumbua macho kama mtu aliyeamshwa. Kwa sekunde moja wote wawili walisimama pale, wakitazama mkono wa Mukhisa, kama kwamba umeletwa na mtu mwingine.

Halafu Kizito, na hili ndilo Mukhisa hakuweza kulisahau, akayumba kama walivyofanya mazoezi. Akaipokea ya kumi hewani. Akaipokea ya kumi na moja. Ya kumi na mbili ikampita kwa futi nzima, na bado akaanguka vizuri sana, akafungua mdomo, wekundu ukatiririka.

"Mu-khi-sa! Mu-khi-sa!" umati ulisema. Umati hauna kinyongo.

Baadaye, kwenye mfereji wa shule, Kizito alitema tunda. Akatema tena, na hiyo haikuwa na mbegu.

"Tulisema bega," alisema.

"Niliteleza."

Kizito alimtazama, ulimi ukisukuma jino la mbele lililokuwa likicheza. "Sawa," alisema. "Uliteleza."

Jumatatu walikaa dawati moja. Kizito hakuweza kutafuna githeri, akanywa supu. Hakumtukana hata mara moja. Mukhisa angependa atukanwe, maana bakoki asiyekutukana ni kama jirani tu.

Video, kwa upande wake, ilikuwa na afya njema. Kutoka Ulingo ilikwenda kwa binamu ya Emmy, kutoka kwa binamu ikaenda kwaya, kutoka kwaya ikaingia katika kikundi cha maandalizi ya mazishi ya nyanya yake Kizito. Nyanya alizikwa mwaka juzi, lakini kikundi hakijafungwa, kwa sababu hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kutoka. Huko Kamukuywa watu wazima wakaona yaliyoandikwa juu: BAKOKI WAUANA KITALE. Shuleni, Bwana Kipsang aliwachapa viboko sita kila mmoja ili waache kuiga ukatili, akawatuma nyumbani wiki mbili. Bungoma, wazee walitafuta kondoo.

Kikao kilikuwa Jumamosi saa nane mchana, sebuleni kwa Mzee Khaemba, karani mstaafu wa ofisi ya chifu, mtu aliyejua mila zote na aliyekuwa na runinga kubwa kuliko wote. Baba zao wawili, majirani na marafiki wa miaka mingi, walikaa kwenye makochi yaliyofunikwa vitambaa. Nelima alikuja na kikapu, kwa kuwa hakuna mwanamke wa Bungoma anayeingia nyumba ya mtu mikono mitupu. Kondoo alifungwa nje kwenye mpera, akila maua ya mke wa mzee.

"Filamu hizi za nje zimetuharibia watoto," Mzee Khaemba alianza. "Kabla hatujasema lolote, tutazame ushahidi."

Wakaunganisha simu na runinga. Wakatazama ushahidi. Wakautazama mara ya pili, kwa sababu baba Kizito hakuwa na miwani mara ya kwanza. Mara ya tatu Mzee Khaemba aliomba irudishwe pale pa tumbo.

"Hapo wako amebahatisha tu," baba Kizito alisema.

"Kubahatisha?" baba Mukhisa aliinuka. "Hesabu, bwana! Wangu ametupa tisa, wako ametupa tatu!"

"Tatu za kiume! Wako anapiga kama anafukuza inzi!"

"Si mwamba huyo hapo chini, amelala! Rudisha, mzee, rudisha aone!"

Mara ya nne ilirudishwa, na wazazi hao, waliokuja kusikitika, walikuwa wameshikana kola za mashati kabla ya ngumi ya sita.

"Kwani mmekuja kutoa mwiko ama mmekuja mpira?" Nelima aliuliza. Waliachana, wakarekebisha vitambaa vya makochi.

"Vijana," Mzee Khaemba alisema, akipunguza sauti ya runinga lakini si kuizima. "Semeni. Mlitoana damu?"

Mukhisa alifungua mdomo. Kizito akamwahi.

"Hapana, mzee. Ilikuwa ya kuigiza."

Kizito aliuendea mkoba wake, akatoa daftari la Kemia, akalifungua nyuma. Akaomba tunda damu. Nelima alikuwa na matunda hayo kikapuni, ya kumpelekea mke wa mzee. Kizito akalitia moja mdomoni, akalitafuna kwa upande mmoja tu wa kinywa, wekundu ukashuka. Mke wa mzee alipiga ishara ya msalaba.

"Simama, bakoki," Kizito alisema. "Tuwaonyeshe polepole."

Wakaonyesha pale juu ya zulia, kati ya meza na runinga. Kizito akihesabu kwa sauti. Moja, na shavu likageuka. Mbili, na kifua kikalia. Wazee walisogea mbele ya makochi. Baba Mukhisa alicheka kwa sauti. Baba Kizito alimpiga mgongoni mwenzake waliyekuwa wakinyongana naye dakika kumi zilizopita.

"Saba. Nane, tumbo. Natabasamu. Kumi, napepesuka. Kumi na moja. Kumi na mbili, chini."

Akaanguka kwenye zulia la watu na tunda lake. Wakapiga makofi, kama wanafunzi mia nne.

"Kumbe ni sanaa!" Mzee Khaemba alisema, na sauti yake ilikuwa na masikitiko kidogo. "Kwa hivyo hakuna aliyeshinda?"

"Hakuna, mzee."

"Basi hakuna mwiko. Mtu atoke amfungue kondoo."

Baba Kizito aliinuka kwenda nje. Alikuwa amefika mlangoni, kondoo akimwangalia na ua mdomoni. Mukhisa alimtazama Kizito, aliyekuwa bado chini, akipangusa kidevu. Kizito alimtikisia kichwa kidogo: nyamaza. Hakuna mzee hata mmoja, miongoni mwa waliotazama mara nne, aliyekuwa amehesabu. Lilikuwa jambo rahisi sana. Kilichotakiwa ni kukaa kimya, kurudi Kitale, na kuketi dawati moja na mtu asiyemtukana mpaka Kidato cha Nne kiishe.

"Umeruka ya tisa," Mukhisa alisema.

"Nyamaza wewe."

"Ameruka ya tisa, mzee. Ya tisa sikuigiza. Nilimpiga kweli. Jino lake linacheza."

Baba Kizito alisimama mlangoni, mguu mmoja nje. Mzee Khaemba hatimaye aliizima runinga.

"Fungua mdomo," alimwambia Kizito. Kizito alifungua. Mzee aliligusa jino kwa kidole, likainama kama nyasi.

"Alikukosea nini?" baba Mukhisa alimwuliza mwanawe, na sasa hakuwa akihesabu.

"Hakunikosea kitu." Mukhisa alitazama zulia. "Walikuwa wakiita jina lake."

Mzee Khaemba, aliyekuwa na hotuba nzima kuhusu filamu za nje, alitafuta mahali pa kuiweka akapakosa.

"Nilikuwa nimekufichia, mshenzi wewe," Kizito alisema kutoka chini.

"Najua."

"Nimekula mbegu za matunda damu mbele ya wazee kwa ajili yako! Nimeharibu zulia! Kichwa kama jembe la mkopo!"

Ilikuwa mara ya kwanza kumtukana tangu Ijumaa ile. Mukhisa aliinamisha uso ili wazee wasimwone, maana si adabu kucheka katika kikao cha mwiko.

Basi kondoo, aliyekuwa amebakiza hatua moja kuishi, akachinjwa. Walisimamishwa uani bila mashati. Mzee Khaemba aliwapaka vifuani majani yaliyosagika, bado ya moto, kutoka tumboni mwa kondoo, akasema maneno yanayosemwa, kisha akampa kila mmoja ampake mwenzake. Kizito alipaka kwa ukarimu. Alipaka masikio. Alipaka ndani ya pua.

"Mila hazisemi pua," Mukhisa alilalamika.

"Niliteleza," Kizito alisema.

Wakapewa ini kwenye sahani moja, kama inavyotakiwa. Kizito alijaribu kutafuna, akashika shavu. Mukhisa alichukua kisu, akalikata vipande vidogo vidogo, vya mtoto anayeota meno, akavisukuma upande wa mwenzake.

"Hiyo ngumi nitairudisha," Kizito alisema, mdomo umejaa.

"Lini?"

"Hautajua. Labda harusini kwako. Labda ukiwa mzee na umebaki na jino moja, ndilo nitapiga."

"Sawa, bakoki."

"Kata ndogo zaidi, mandazi wewe."

Jioni Emmy aliandika kwenye Ulingo. Alikuwa amesikia kuna kondoo, damu, na watu bila mashati, na angependa video kabla ya saa moja. Aliambiwa ukweli, ingawa hakuamini: hakuna iliyopigwa. Watu wazima walikuwa na simu sita pale uani, na zote zilikuwa zimeisha chaji kwa kurudia pale pa tumbo.